Mwaka wa Kwanza wa Chuo Bila Kutoka Nyumbani: Historia ya Dzaleka



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu, tukisikia kijana ameingia chuo huwa tunafikiria sanduku, basi na bweni. Kwa wengi wa Dzaleka haikuwa hivyo. Chuo kilikuja kambini, na mwanafunzi akabaki katika nyumba ile ile. Sisi tunaona huo ndio uliokuwa mtihani mzito zaidi.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa jela, na utawala wa Kamuzu Banda uliwafunga humo wapinzani wake. Mwaka 1994 ikafanywa kambi ya wakimbizi, kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, yakiwemo ya elimu na ya mahali pa kuishi. Basi kijana akimaliza sekondari alikuwa anakaa tu. Wachache walipata nafasi ya WUSC wakaenda kusoma Kanada.

Mwaka 2010 Wajesuiti, ambao ni Wakatoliki, walileta masomo ya diploma kwa njia ya intaneti, na cheti kikatolewa na Regis University ya Marekani. Mzazi wa Kiislamu atauliza: mtoto wangu asome kwao? Tukumbuke Badr, mwaka wa 2 Hijria. Imepokewa katika sira kwamba mateka waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Na hao walikuwa washirikina waliotoka kupigana na Mtume (S.A.W.)!

Tatizo lilikuwa kwingine. Mwanafunzi wa bwenini hana wa kumwita. Wa Dzaleka anaitwa kila saa: foleni ya maji bombani, unga umekwisha, mdogo wake ana homa. Jirani anamwona kila siku akipita na ndoo, hasadiki kwamba huyu yuko chuo. Kwa mabinti ni zaidi, maana kazi za nyumbani hazijui mtihani. Umeme ukikatika, kompyuta nazo zinalala.

Halafu lugha. Aliyesoma Bukavu au Bujumbura alisoma kwa Kifaransa, na sasa insha inatakiwa kwa Kiingereza. Tena aliyezoea kunakili ubaoni anaulizwa na mwalimu aliye ng'ambo: wewe mwenyewe unaonaje? Wengi hukwama hapo. Sisi walimu wa madrasa tunahimiza kuhifadhi, na hatuachi, lakini hata fiqhi haikujengwa kwa kuhifadhi peke yake.

Wahitimu wa kwanza walipata diploma zao mwaka 2013, baada ya miaka mitatu ya hali hiyo.

Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini warudi Dzaleka. Familia zilizokuwa na maduka Lilongwe zikarudishwa, nyumba zikazidi kujaa, na pa kusomea pakazidi kuwa padogo. Chumba cha madrasa yetu huwa kitupu baada ya Isha. Mwenye kitabu na aje nacho, wa kike na wa kiume kila mmoja upande wake, na mzazi asimtume mtu kumwita mpaka saa nne.