Viranja wa Tabora, majoho ya Ikulu: Historia ya serikali ya wanafunzi inayosahaulika Nzega

Nzega. Oktoba 22, 2026 inatimia miaka 60 tangu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walipovaa majoho yao ya kitaaluma wakaandamana hadi Ikulu. Waliingia wakiwa wasomi wachache walioandaliwa kushika nchi. Walitoka wakiwa wamefukuzwa chuo, na polisi wakawasindikiza kurudi makwao.

Kumbukumbu ya siku hiyo huzungumzwa zaidi chuoni Mlimani, Dar es Salaam. Huku magharibi, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyopita Unyanyembe, tunaisikia kama habari ya mbali. Ilhali mkoa wa Tabora ndio uliomlea rais aliyetoa amri ya kufukuza, na ndio uliomzaa kijana maarufu kuliko wote waliofukuzwa.

Nzega ya leo inahitaji kuikumbuka historia hiyo. Mji huu, ambako barabara ya Singida hukutana na za Tabora na Shinyanga, umekuwa mji wa wanafunzi. Wilaya ina Chuo cha Ualimu Ndala, ina mafunzo ya uuguzi, na eneo la uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Golden Pride lilikabidhiwa serikalini kwa ajili ya mafunzo ya madini baada ya uzalishaji kukoma. Vijana wa vyuo hivi huchagua rais wao, makamu wake na mawaziri wa chakula, malazi, afya na michezo. Ni wangapi kati yao wanaojua kwamba kiti cha mwanafunzi kwenye kikao cha uongozi wa chuo kilipiganiwa?

Viranja wa Tabora School

Tuanzie Tabora mjini. Mwaka 1922 serikali ya Waingereza ilifungua shule kwa ajili ya watoto wa machifu, ili iwapate watawala wa kesho wa kuiendesha nchi kwa niaba yake. Ilifuata taratibu za shule za bweni za Uingereza: mabweni yenye ushindani, michezo, na viranja wenye madaraka juu ya wenzao. Hawakuwa serikali ya wanafunzi, kwa sababu walikuwa mkono wa mwalimu mkuu ndani ya bweni.

Mwaka 1937 akafika hapo mtoto wa Chifu Burito wa Butiama, Kambarage Nyerere. Waandishi wa wasifu wake wanaeleza kwamba alikerwa na upendeleo waliojaliwa viranja, akausema waziwazi, na baadaye yeye mwenyewe akapewa ukiranja. Tuliweke hilo akilini, maana swali la upendeleo litarudi Ikulu miaka zaidi ya 20 baadaye.

Alipofika Makerere mwaka 1943, Nyerere na wenzake, akiwamo Andrew Tibandebage waliyetoka naye Tabora, walianzisha umoja wa ustawi wa Watanganyika chuoni hapo, ulioitwa kwa kifupi TAWA. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia wanafunzi waliokuwa mbali na nyumbani. Haukukaa muda mrefu: uliingia ndani ya Tanganyika African Association, chama kilichoizaa TANU mwaka 1954. Kwa hiyo moja ya chemchemi za siasa za uhuru ilikuwa kikundi cha wanafunzi waliokutana kutazama hali ya wenzao.

Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, mmoja wao mwanamke. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na umoja wa wanafunzi, USUD, ukahamia nacho.

Siku ya majoho

Mwaka 1966 serikali ilitangaza kwamba wahitimu wa vyuo na sekondari watalitumikia taifa kwa miaka miwili kwa lazima. Wangeanza na miezi kadhaa katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, kisha wangeingia kazini huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Makato hayo ndiyo yaliyowasha moto. Wanafunzi waliuliza kwa nini wao wakatwe, ilhali mawaziri na wakubwa serikalini wanalipwa vinono.

Swali lilikuwa halali. Namna ya kuliuliza ndiyo iliyowaponza. Asubuhi ya Oktoba 22 wanafunzi wa Mlimani, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, waliandamana wakibeba mabango, na bango moja lilisema maisha yalikuwa bora zaidi wakati wa ukoloni. Nchi ilikuwa haijafikisha miaka mitano ya uhuru.

Walipokelewa Ikulu na Rais Nyerere mwenyewe, mawaziri wakiwa pembeni. Tamko la wanafunzi likasomwa mbele yake. Lilisema kwamba masharti yasipobadilika, miili yao itakwenda kambini lakini roho zao zitabaki nje, na kwamba vita kati ya tabaka la wanasiasa na tabaka la wasomi vitaendelea daima.

Nyerere alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hatamlazimisha mtu ambaye roho yake haimo, maana kambi ya JKT si gereza. Hasira zikampanda. Akakiri kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, ukiwamo wa kwake, na akatangaza papo hapo kuukata wa kwake kwa asilimia 20. Wanafunzi akawaambia warudi nyumbani. Waliofukuzwa walikuwa 393.

Kwa mtoto wa Tabora, kurudi nyumbani kulimaanisha kupanda treni ya reli ya kati na kwenda kuwaeleza wazazi na wanakijiji waliojinyima kwa ajili yake kwamba chuo hakuna tena. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Samuel Sitta, mwanafunzi wa sheria kutoka Urambo, aliyepitia Tabora School kama Rais mwenyewe, na ambaye ametajwa mara nyingi kati ya viongozi wa mgomo ule. Wengi walirudishwa chuoni baada ya mwaka mmoja. Sitta, aliyeanza chuo mwaka 1964, alihitimu mwaka 1971.

Profesa Issa Shivji, aliyeanza kusoma sheria Mlimani mwaka 1967 na baadaye akaandika historia ya chuo hicho katika kitabu chake Intellectuals at the Hill, ni mmoja wa wanaotusaidia kuona uzito wa siku ile. Miezi mitatu na nusu baadaye, Februari 5, 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, pamoja na masharti yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Wanafunzi walishindwa kwa sababu walidai upendeleo wa tabaka lao. Lakini swali lao kuhusu vinono vya wakubwa lilibaki mezani, na nchi ikalijibu.

Rais wa wanafunzi anatolewa kwa bunduki

Julai 1, 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa chuo kamili, na umoja wa wanafunzi ukaitwa DUSO. Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa, aliyetoka kwenye utendaji wa TANU. Mwaka huohuo, Novemba, jumuiya ya wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi, USARF, ilipigwa marufuku pamoja na jarida lake, Cheche.

Julai 1971 rais wa DUSO, Mkenya Symonds Akivaga, alimwandikia Msekwa barua ya wazi akilalamikia utawala unaoamua mambo ya wanafunzi bila kuwashirikisha. Chuo kikamsimamisha. Kikosi cha Kutuliza Ghasia kikaingia Mlimani na silaha, kikamchukua mbele ya wenzake, na akarudishwa Kenya.

Safari hii wanafunzi hawakudai mshahara wala cheo. Walisema wanaolala katika mabweni haya na kula katika bwalo hili wana haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi kupitishwa, na wahadhiri vijana wakasimama nao. Mgogoro ulipotulia, uwakilishi wa wanafunzi katika vikao vya chuo uliongezwa, kuanzia kwenye vitivo, na Akivaga akaruhusiwa kurudi kumalizia masomo. Rais wa wanafunzi anayeketi leo kwenye baraza la chuo chake amekalia urithi wa mwaka 1971.

Historia ina zamu zake. Msekwa alikuja kuwa Spika wa Bunge hadi mwaka 2005, na aliyempokea kiti ni Samuel Sitta. Kijana aliyefukuzwa kwa kuhoji wakubwa ndiye aliyeliongoza Bunge la mwaka 2008 lililojadili ripoti ya sakata la umeme la Richmond hadi Waziri Mkuu akajiuzulu, na katika kamati iliyoandaa ripoti hiyo alikuwamo mbunge wa Nzega, Lucas Selelii. Sitta alifariki dunia Novemba 2016.

Kunyamazishwa na gharama yake

Machi 5, 1978 wanafunzi waliandamana tena, wakipinga nyongeza ya maslahi ya wabunge na mawaziri. Walifukuzwa zaidi ya 350, na DUSO ikafutwa. Mahali pake ikawekwa MUWATA, chombo kilichokuwa chini ya mwavuli wa vijana wa chama tawala.

Tangu hapo wanafunzi walikuwa na viongozi, ila hawakuwa na msemaji wao wenyewe. Uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1980, vitabu vikaadimika, mabweni yakachakaa na vyoo vikaharibika, malalamiko hayakuwa na mlango wa kupitia. Yakaishia ukutani, kwenye maandishi yasiyo na jina. Ukuta huohuo ndio uliotumiwa na kundi lililojiita Mzee Punch kuwadhalilisha wanafunzi wa kike, hadi mwanzoni mwa mwaka 1990 mmoja wao alipopoteza maisha na Punch ikapigwa marufuku. Mei mwaka huohuo chuo chenyewe kilifungwa kutokana na mgogoro kati ya wanafunzi na serikali, kikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Ndipo ikazaliwa DARUSO, serikali huru ya wanafunzi.

Baada ya hapo ikaja sera ya kuchangia gharama, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi. Habari kubwa ya serikali za wanafunzi ikawa moja: bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, limechelewa.

Zamu ya Nzega

Bumu hilo sasa limefika hata kwenye vyuo vya kati. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo hutoa pia mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo afya, ualimu na madini, fani zilezile zinazofundishwa kwetu. Waziri wa mikopo wa chuo cha wilayani hana tena cheo cha mapambo. Akilala, kuna mwenzake atakayelala njaa.

Hata hivyo, serikali nyingi za wanafunzi huchukuliwa kama kamati ya sherehe. Wakuu wa vyuo huzitaka zitangaze ratiba na kutuliza wenzao. Wagombea nao huutazama urais wa chuo kama ngazi ya kupandia siasa za chama, wakatumia muda mwingi kupiga picha na waheshimiwa kuliko kuulizia maji ya bombani, taa za njia ya bwenini usiku, au kadi ya bima ya afya ya mwanafunzi aliyeugua. Uongozi ukibadilika, kumbukumbu za vikao huondoka na waliokuwa nazo, na wapya huanza upya kila mwaka.

Historia imetoa hukumu yake. Mwaka 1966 wanafunzi walijidai tabaka la peke yao wakaanguka. Mwaka 1971 walidai sauti kwa ajili ya wote wakaipata. Kati ya 1978 na 1990 walinyimwa sauti, na chuo kizima kikalipa kwa kufungwa.

Basi wakuu wa vyuo vya Nzega na Tabora yote wawape viongozi wa wanafunzi nafasi halisi katika vikao vya bajeti ya chakula na malazi, na wawape kabati la kutunzia kumbukumbu zao. Na wewe mwanafunzi utakayepiga kura muhula ujao, mwombe mgombea akueleze atafanya nini kuhusu maji, taa na bumu, kisha mwaka mzima umdai hesabu ya alichokuahidi.