Mafungu ya Aristotle na Ngeli za Kibantu

Tangu karne ya 19 wataalamu wa falsafa ya Wayunani wamebishana juu ya jambo moja. Aristotle aliyagawa mambo yasemwayo katika mafungu kumi: kitu chenyewe, kiasi, sifa, uhusiano, mahali, wakati, mkao, kuwa na kitu, kutenda na kutendwa. Je, mafungu hayo aliyaona ulimwenguni, au aliyatoa katika sarufi ya lugha yake? Mwaka 1846 Trendelenburg alisema kuwa sarufi ndiyo iliyomwongoza. Mwaka 1853 Bonitz alimpinga. Na mwaka 1958 Benveniste akaufufua ubishi huo.

Ubishi huu watuhusu sisi pia, kwa kuwa mwaka 1956 Alexis Kagame, padre wa Rwanda, alitoa kitabu kilichoyapunguza mafungu kumi kuwa manne, akifuata Kinyarwanda: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali pamoja na wakati, na ukuntu, namna, ambamo yaliyobaki yote yaliingia.

Ushahidi wa Kiswahili una pande mbili. Aristotle alitoa mifano ya "ameketi" kwa mkao, na "amevaa viatu" kwa kuwa na kitu. Kwetu yote mawili huchukua -me- ya hali iliyokwisha kutimia. Basi sarufi yetu huyaunganisha aliyoyatenga yeye, na Kagame anapata nguvu. Lakini kipofu na kijana wamo katika ngeli ya ki-, nao ni watu wenye akili. Mti na mlima huanza kwa m-, navyo havina akili.

Tutazame pia Isongole, wilayani Ileje, karibu na mpaka wa Malawi. Katika Kindali, mojawapo ya lugha za wilaya hiyo, pa-, ku- na mu- hutangulia jina lenyewe. Kiswahili hutia -ni mwishoni, na neno lake "mahali" limetoka katika Kiarabu, ijapokuwa latawala upatanisho wa pa-. Je, tuseme kwamba Mndali anapafahamu mahali kuliko mtu wa Pwani? Hakuna awezaye kukubali hayo, maana wote wawili huijua njia ya kwenda kwao.

Kwa hiyo yafaa tuseme hivi: sarufi humpa mwanafalsafa maswali ya kuanzia, wala haimpi majibu. Kagame alistahili sifa kwa kuyauliza maswali hayo kwa lugha ya Kibantu. Nasi hatuna budi kuyapima majibu yake kwa lugha nyingi, kubwa na ndogo.