Chuma Kikuukuu na Mkono wa Fundi

Msomaji, mtu apitaye pembezoni mwa Eldoret, katika vitongoji kama Yamumbi na Langas, hakosi kusikia sauti ya nyundo juu ya chuma. Mbele ya karakana huona milango, vitanda, viti na meza. Nyuma yake huona lundo la mabomba yaliyopasuka, springi za magari, minyororo ya baisikeli na mapipa yaliyotoboka. Jicho la haraka huvigawa vitu hivi mafungu mawili: huku mali, kule taka. Historia haivigawi hivyo. Mara nyingi meza ya leo ni pipa la jana. Na yafaa ujue kwamba desturi hii haikuzaliwa na umaskini wa mjini. Ni ya kale kuliko mji wenyewe.

Nchi ya Uasin Gishu ilipata jina lake kwa Wamaasai waliokaa humo kabla ya kushindwa na kutawanyika katika vita vya karne ya 19. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alieleza kuwa wahunzi wengi wa Wanandi walikuwa wa uzao wa Wamaasai hao. Watu waliopoteza nchi hawakupoteza ustadi. Waliubeba mikononi, nao ukawapa mahali pa kuishi kati ya majirani.

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki zama hizo, chuma kilipatikana kwa taabu kubwa. Mawe au mchanga wenye madini ulichomwa kwa makaa tanurini, huku mivukuto ikipuliza hewa kwa saa nyingi. Chuma safi huyeyuka kwa joto la digrii 1,538, na kwa kawaida tanuri hizo hazikufika hapo. Zilitoa bonge lenye matundu kama sifongo, ambalo mhunzi alilichoma na kulipiga tena na tena mpaka uchafu ukatoka. Kitu kilichopatikana kwa jasho namna hiyo, nani angekitupa? Jembe lililochakaa lilirudi motoni likawa kisu. Kisu kikiisha, kikawa ncha ya mshale.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, ikipenya katika nchi ya Wanandi. Waya za simu zilizofuatana nayo zilikuwa mapambo mazuri machoni pa Wanandi, na vyuma vilivyofungia reli vilifaa kufanywa silaha. Wakavichukua, wakavifua. Serikali ya Kiingereza ililiita jambo hilo wizi. Lakini Wanandi walikuwa wakipigana tangu mwaka 1895 kuilinda nchi yao, wala hawakuona sababu ya kukiheshimu chuma kilichopitishwa katika ardhi yao bila ruhusa. Upinzani wao ulivunjwa baada ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Zingatia, msomaji: chuma kile kile kilikuwa njia kwa huyu na mkuki kwa yule. Chuma hakina nia. Nia hutoka kwa mkono unaokishika.

Majembe na waya za ng'ambo zilipoenea madukani kwa bei nafuu, tanuri za kale zilizimika moja baada ya moja. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Wengi hudhani kuwa uhunzi ulikufa pamoja na tanuri hizo. Haukufa. Kilichokufa ni kuyayusha madini. Kufua kuliendelea, kwa sababu vipande vya reli na springi za magari vilimpa mhunzi chuma asichohitaji tena kukitafuta ardhini. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na mashamba ya walowezi yakajaa plau, magari na matrekta. Kila mashine ina siku yake ya kuvunjika, na kila iliyovunjika ilikuwa riziki ya mtu ajuaye kufua. Hapo ndipo asili ya fundi wa leo: machimbo yake ni jaa la taka.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mafundi wa namna hii walizidi katika miji ya Kenya. Wengi walifanya kazi mahali pasipo paa, ndipo wakapewa jina la jua kali. Mwaka 1972 taarifa ya Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya Kenya ilisema kuwa kazi ndogo ndogo kama zao zina faida kwa nchi na hazifai kusumbuliwa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Nairobi, akawaahidi mabanda. Mikononi mwao zilitoka koroboi zilizofanywa kwa makopo, majiko, na masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa bweni wameyabeba kwa miaka mingi. Huenda na wewe unalo moja. Umeme ukaleta njia mpya ya kuchomelea: cheche huyeyusha kingo za vyuma viwili, vikawa kimoja. Wengine, kama Kioko Mwitiki wa Nairobi, walivuka mpaka wa matumizi wakaingia katika sanaa, wakaunda sanamu za wanyama kwa vyuma vilivyotupwa.

Yamumbi ina sababu yake ya kuifikiri habari hii kwa uzito. Katika siku za kwanza za Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua ubishi, kitongoji hiki kilikuwa miongoni mwa sehemu za Eldoret zilizoshambuliwa. Nyumba zilichomwa, watu wakakimbia. Moto hula mbao na nguo, lakini chuma hukiacha. Kila nchi iliyopitiwa na moto wa namna hiyo hukabiliwa na swali: mabaki haya yatafanywa nini?

Jirani zetu wa Msumbiji walilijibu. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1992. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la nchi hiyo walianza kuwapa watu majembe, baisikeli na cherehani badala ya bunduki. Bunduki zilikatwa vipande, na vipande wakapewa wasanii. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, aliunda kwa vipande hivyo kiti kijulikanacho kama Kiti cha Enzi cha Silaha, ambacho kimewekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Vyombo vilivyowafukuza watu makwao vilifanywa mahali pa kukaa.

Lakini si kila chuma kiuzwacho kuwa kikuukuu kimetupwa na mwenyewe. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme katika njia ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, na Kenya ikaingia gizani. Serikali ilisema minara hiyo ilikuwa imehujumiwa. Mwezi ule ule Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara ya vyuma chakavu, na zuio hilo likadumu mpaka Mei, ingawa sheria ya kuisimamia ilikuwapo tangu mwaka 2015. Zuio halikuweza kumbagua mwaminifu na mwizi. Wote walifungiwa mlango mmoja. Wala usiilinganishe minara hiyo na waya walizozichukua Wanandi. Zile zilikuwa za mgeni aliyekuja kutawala. Hii ni ya mgonjwa aliye hospitalini na ya mwanafunzi asomaye usiku.

Basi, msomaji, ukikutana na fundi mwenye mikono myeusi kwa kutu na masizi, usimhesabu kuwa mtu aliyekosa kazi bora. Yeye ni mrithi wa wahunzi walioijua thamani ya kila kipande. Na ukitaka kununua kazi yake, muulize kwanza chuma kimetoka wapi. Fundi mwaminifu hataona haya kukujibu, na jibu lake litakuwa sehemu ya historia uliyoisoma hapa.