Uwanja Uliohama: Sanaa za Maonyesho na Mitandao ya Kijamii katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mwaka 1976, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitaja mambo manne yasiyoweza kukosekana katika sanaa za maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kwa muda mrefu ufafanuzi huo haukuzua mgogoro, kwani ilichukuliwa kuwa mtendaji na watazamaji hukutana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Mitandao ya kijamii imelivunja sharti hilo. Makala haya yanachunguza matokeo yake katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, na yanadai kwamba kilichobadilika zaidi si mtendaji, bali ni uwezo wa mtazamaji.

Uwanja katika Eastlands haujapata kuwa huru. Mitaa kama Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ilipangwa na utawala wa kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na kumbi zake za kijamii zilikusudiwa kuongoza hata namna walivyojiburudisha. Wakazi waliugeuza ukumbi wa Kaloleni kuwa mahali pa mijadala ya siasa, hata ukapewa lakabu ya Bunge la Uingereza. Jumba la maigizo la taifa, lililofunguliwa mwaka 1952, lilijengwa mkabala na hoteli ya Norfolk, mbali na mitaa hiyo kwa masafa na kwa lugha.

Baada ya uhuru, mlango wa uwanja ulilindwa kwa leseni. Mfano ulio maarufu zaidi unatoka Kamiriithu, Limuru, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 1977, tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilifanyiwa mazoezi hadharani, na wanakijiji wakasahihisha lugha, nyimbo na matukio yake. Serikali iliifuta leseni mwaka huohuo. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Ni muhimu kukumbuka kwamba tamthilia hiyo ilichapishwa kama kitabu mwaka 1980. Kwa hiyo, lililoogopwa halikuwa maandishi peke yake, bali hadhira iliyokusanyika pamoja ikiwa na uwezo wa kuugeuza mchezo.

Uwezo huohuo ulikuwa msingi wa maigizo shirikishi yaliyoenea nchini Kenya kuanzia miaka ya 1990, hasa katika kampeni dhidi ya UKIMWI. Kwa kufuata mkondo wa Augusto Boal wa Brazili, waigizaji walilifikisha tukio kwenye mtanziko, kisha wakasimama. Mtazamaji aliyeona njia nyingine aliingia uwanjani, akachukua nafasi ya mhusika na kulielekeza tukio upya mbele ya majirani zake. Alibeba jukumu la kauli yake, kwa sababu kesho yake angekutana nao kisimani au dukani.

Kebo za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na katika mwongo uliofuata simu ikawa uwanja. Mwaka 2018, kundi la Ethic, la vijana wa mtaa wa Umoja, lilijipatia umaarufu kwa video ya wimbo Lamba Lolo kupitia YouTube. Halikuhitaji ukumbi wala ridhaa ya mwenye ukumbi, na Sheng iliyodharauliwa na majukwaa rasmi ikawa ndiyo nguvu yake. Hiyo ni faida kubwa ya kihistoria, na mhakiki hana budi kuikiri.

Hata hivyo, mwaka 2019 video ya kundi hilo iitwayo Tarimbo ililaaniwa kwa kuwatweza wanawake, ikaondolewa. Lawama hizo zilikuwa za haki. Lakini zilikuwa na njia moja tu ya kutendeka, nayo ni kufuta. Hapakuwa na hatua ambapo msichana wa Umoja angeingia ndani ya tukio na kulijibu kabla halijakamilika.

Huenda ikajibiwa kwamba maoni ya watazamaji na video za kujibizana za TikTok ni ushiriki wa aina mpya. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jibu la namna hiyo huzaa onyesho jingine pembeni. Halilirekebishi la kwanza. Isitoshe, kampuni yenye mtandao ndiyo huamua nani atalionyeshwa jibu hilo. Bawabu amebadilika; mlango ungalipo.

Tukio la Aprili 2025 linathibitisha pengo hili. Wanafunzi wa Butere walifika Nakuru kuigiza Echoes of War katika tamasha la kitaifa, wakiwa na amri ya Mahakama Kuu. Polisi waliwatawanya watu kwa gesi ya kutoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Mitandao iliusambaza wimbo huo nchi nzima. Taifa liliona katazo. Onyesho lenyewe halikutendeka.

Mitandao, basi, imempa mtendaji wa Eastlands uwanja alionyimwa tangu ukoloni, lakini imemrudisha mtazamaji kitini. Kumbi za Kaloleni na nyinginezo zisihesabiwe kuwa masalio. Humo ndimo mtazamaji anapoweza kusimama, mchezo ungali unaendelea, na kusema kwamba haukupaswa kwisha hivyo.