Kisu cha Kukunja Kwetu Uvira: Kilitoka Wapi, na Namna ya Kukizoesha Kikiwa Kipya

Katika kitabu hiki wenzangu wameandika juu ya mahari, juu ya mazishi na juu ya ngoma. Mimi nimechagua kitu kidogo kinachokaa mfukoni: kisu cha kukunja. Wengine watacheka, watasema kisu si desturi. Lakini hapa Nyamianda, mwangalie mvuvi anayetayarisha nyavu zake jioni, ao mama anayepasua mukeke mbele ya kuukausha. Kazi yao yote inategemea makali. Na makali yana historia yake.

Tuanze mbali kidogo. Mwezi wa Aprili 1858, Burton na Speke, Waingereza wawili, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka katika ziwa ao unaingia. (Hawakufika kuuona, ni Livingstone na Stanley walioona kwa macho, Novemba 1871, kwamba unaingia.) Burton aliandika vitu vilivyokuwa vinauzwa Uvira: watumwa, pembe za tembo, nafaka, nguo za magome ya miti, na vitu vya chuma. Nikiwasomea wanafunzi orodha hiyo wanashtuka juu ya watumwa, na ni haki. Lakini lile neno la mwisho wanalipita haraka. Vitu vya chuma! Maana yake, mbele ya duka la Mzungu kufunguliwa hapa, watu walikuwa wanakuja Uvira kwa mitumbwi kununua chuma. Na chuma kile kilitoka kwa wafua chuma wa milima na mabonde ya huku, waliojua kuyeyusha mawe yenye chuma kwa makaa na mivukuto. Hawakungoja mtu wa mbali awafundishe.

Kisu cha mfua chuma kilikuwa kipande kimoja. Mkia wake unachomwa motoni, unasukumwa ndani ya mpini wa mti, basi. Fundi alitoa umbo. Makali ya mwisho aliyatia mwenye kisu, nyumbani kwake, juu ya jiwe. Kwa hiyo hakuna mzee aliyeona kisu kipya kama kitu kilichomalizika. Alikichukua kama mtoto wa ng'ombe: kimezaliwa, lakini bado hakijafundishwa. Wazo hilo ndilo tumepoteza. Leo mtu ananunua kisu sokoni, anakitumia siku ileile vile kilivyotoka kiwandani, na kisha mwezi mmoja anasema: ni kibovu, ni cha bei chini. Mara nyingi kisu hakina kosa.

Sasa, kisu cha kukunja kilikuja na biashara ya Wazungu. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Usumbura na Kigoma, walikuwa Wajerumani mpaka 1916. Upande huu Wabelgiji. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na vitu vya dukani vikapata njia fupi ya kufika kwenye maji yetu. Kati ya visu vya wakati ule kuna kimoja chenye jina la kutushangaza: Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa kuuzwa katika makoloni ya Afrika. Na okapi ni nani? Ni mnyama wetu wa msitu wa Ituri, ambaye wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kisayansi mwaka 1901 tu. Mwaka mmoja nyuma, kumbe, jina lake liko kwenye kisu! Jina la Kongo, chuma cha Ujerumani, mfuko wa Mwafrika. Tangu 1988 kisu hicho kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Kina mpini wa mti wenye alama za mwezi na nyota, na pete mgongoni. Ukikifungua meno yake yanalia tratra-tra.

Kile kingine ni Opinel, cha Wafaransa. Joseph Opinel alikitengeneza mwaka 1890 katika milima ya Savoie, kwa wakulima. Mpini wa mti, bapa moja, hakuna zaidi. Ile pete inayozunguka shingoni ili bapa lisijifunge juu ya vidole iliongezwa mwaka 1955. Mtu aliyekinunua mbele ya mwaka ule alikuwa anategemea ukali wa mti kushika chuma, na bahati yake.

Hapa ndipo penye shida ninayotaka kueleza. Kisu cha wazee kilikuwa na makali tu. Kisu cha kukunja kina makali na kiungo. Elimu ya makali tulikuwa nayo tangu zamani. Elimu ya kiungo ilibaki kwa wale waliotuuzia. Kisu kiliuzwa bila maneno. Kwa mvuvi jambo hili si mchezo. Usiku, katikati ya ziwa, taa zinawaka, kamba inamshika mguu, nyavu inavuta: kisu kinachokataa kufunguka katika mkono wenye maji ni hatari kuliko kukosa kisu, sababu alikitegemea. Na kisu kinachojifunga chenyewe kinachukua kidole.

Basi, umenunua kipya. Ufanye nini?

Kwanza kipanguse. Kiwanda kinakipaka mafuta ya kuzuia kutu njiani, na mafuta yale si ya kula. Kitambaa chenye sabuni na maji ya moto kidogo kinatosha. Usikilowanishe ndani ya beseni, mti utavimba.

Halafu kiungo. Kaa jioni mlangoni, ukifungue na kukifunga mara hamsini, hata mia, polepole, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Utasikia mwanzo kinakwaruza, kisha kinalainika: chuma na chuma vinazoeana. Utaona weusi unatoka kwenye kiungo. Huo ni unga wa chuma, ufute. Kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye msumari wa kiungo. Tone moja! Watu wetu wanapenda kumwaga. Na usitie mawese. Najua yako karibu, yako ndani ya kila nyumba, lakini mawese yanaganda, yanachacha, yanashika vumbi, na nyuma ya majuma mawili kisu kimefungwa kama mlango wa mtu aliyehama.

Mchanga wa ziwa ndio adui mkubwa. Ukiingia ndani ya kiungo na wewe ukaongeza mafuta juu yake, umepika ugali wa mchanga, na ugali huo unasaga chuma kila ukifungua. Kwanza suuza kwa maji safi, pepeta, kausha, ndipo mafuta. Magamba ya samaki vilevile: yatoe kwa kijiti chembamba mbele hayajakauka.

Wakati wa mvua mpini wa Opinel unavimba na bapa linakwama. Usilivute kwa meno (nimeona watu). Gonga kisigino cha mpini juu ya mti mgumu, bapa litatokeza kidogo, utalishika. Watu wa Savoie wenyewe wanafanya hivyo. Kisha kausha kivulini, si karibu na mbabula, sababu mti utapasuka. Kikishakauka, sugua bugi kwenye ule mfereji bapa linamolala, na maji hayataingia haraka.

Sasa makali. Makali ya kiwandani mara nyingi ni ya haraka, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Inafaa kuyanoa upya. Jiwe laini la mtoni, kama yale ya Mulongwe ao Kalimabenge, linafaa kama ni la chembe ndogo na uso wake umenyooka. Lilowanishe. Kuhusu pembe ya kulaza kisu, nawapa njia ya darasani. Chukua kona ya karatasi ya daftari: ni nyuzi 90. Ikunje mara moja, unapata 45. Ikunje tena, unapata 22 na nusu. Simamisha kona hiyo juu ya jiwe, laza kisu kadiri yake, hata chini kidogo, na shika hapohapo mpaka mwisho. Mkono unaocheza-cheza unatengeneza makali ya mviringo yasiyokata nyanya. Noa upande mmoja mpaka ukisikia kwa kidole kauzi kembamba ka chuma upande wa pili (pitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, usikipitishe kwa urefu wa makali). Geuza, fanya vilevile. Mwisho, vuta kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi mpaka kale kauzi kaishe.

Kama chuma chake si inoksi, nyuma ya siku chache utaona rangi ya majivu, bluu, hata nyeusi, kwanza ukikata vitunguu, embe ao ndimu. Wengi wanakimbilia mchanga na kusugua ili king'ae tena. Waache! Ile rangi nyeusi inashika chuma kama ngozi na kupunguza kutu. Kutu yenyewe ni nyekundu, inamung'unyuka, inakula ndani. Hiyo ndiyo ya kuondoa. Ukimaliza kukata ndimu ao makayabo, osha bapa palepale na kulikausha, sababu asidi na chumvi zikilala usiku mzima zinachimba vishimo.

Tangu Oktoba 1996, vita ilipoingia Uvira, kisu ndani ya mfuko wa kijana kilianza kuulizwa maswali kwenye bariere. Kila mzazi aliona afadhali mtoto asiwe nacho. Sina lawama kwa wazazi wale. Lakini matokeo ni kwamba watoto wa miaka ile walikua bila kufundishwa na baba kunoa, kufunga, kumpatia mwenzao kisu kwa kutanguliza mpini. Wanafunzi wangu wa leo ni watoto wao. Walimu nasi tunakataza visu masomoni, na tutaendelea kukataza; kwa hiyo pa kujifunzia ni nyumbani, ao ufukweni kwa wavuvi wazee.

Kule ufukweni utaviona pia visu vilivyokula miaka. Bapa limekuwa jembamba kama jani la mwanzi, nusu ya upana wake imebaki juu ya jiwe. Mpini wa kwanza ulikufa zamani, kimewekewa wa mpera. Kinafungwa kwa kamba kiunoni, kinafunguka kwa kidole gumba kimoja, na mwenyewe hakiazimishi.