Minyoo na mama mwenye mimba: mganga alianza na mfanyakazi wa mgodi

Ndugu wasikilizaji wa Lubumbashi, na ninyi jamaa mliofika huku mkikimbia vita Mitwaba, Pweto, Manono na kwingineko, leo tuongee juu ya neno ambalo wamama wengi husikia kwenye CPN: «Mama, huna damu ya kutosha.» Mara moja tunafikiri malaria, ao tunasema ni njaa. Na kweli, vyote viwili vinapunguza damu. Lakini kuna mwizi mwingine wa damu, tena wa zamani sana katika nchi hii ya migodi: minyoo ya safura, moja kati ya zile tunazoita nyoka za tumbo.

Historia yake ina jambo la kushangaza. Mwaka 1838, mjini Milan huko Italia, munganga Angelo Dubini alipasua maiti ya mwanamke wa kijijini na kukuta ndani ya matumbo yake mnyoo mdogo ambao haukuwa umeelezwa bado. Kwa hiyo mwili wa kwanza kutoa ushahidi ulikuwa wa mwanamke. Lakini dunia ilianza kuogopa safura wakati iliposhika wanaume kazini. Karibu mwaka 1880, wafanyakazi waliokuwa wanachimba njia ya treni chini ya mlima Gotthard, Uswisi, waliishiwa damu kwa wingi, na wengi walikufa. Toka siku ile, kila kampuni ya mgodi ilijua jina la ugonjwa huu. Mwaka 1898, kule Cairo, Arthur Looss akagundua ya kwamba mtoto wa mnyoo huu anatoboa ngozi na kuingia mwilini. Asiyevaa viatu, akikanyaga udongo wenye unyevu uliochafuliwa na mavi, anaubeba bila kujua.

Sasa turudi kwetu. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli ilifika hapa mwaka 1910, mji ukiitwa bado Elisabethville. Wanaume waliletwa kutoka mbali na kulazwa wengi pamoja ndani ya kampi. Vyoo vilikuwa vichache, na watu waliugua na kufa. Mwaka 1923 waganga wawili waliofanya kazi Katanga, Arthur Pearson na René Mouchet, walitoa kitabu kizima juu ya usafi wa kampi za wafanyakazi, kutokana na yale yaliyoonekana huku kwa miaka kumi na minane. Afya ya kampi ilikuwa hesabu ya kampuni: mtu asiye na damu hawezi kuinua chepeo siku nzima.

Wanawake waliingia katika hesabu ile nyuma. Ilikuwa mwisho wa miaka ya 1920, wakati kampuni ilipoona afadhali mfanyakazi akae na bibi na watoto kuliko kutafuta watu wapya kila mwaka. Ndipo huduma za kuzalisha na za kupima watoto zikakua ndani ya kampi. Mama alianza kuangaliwa, lakini kwa sababu alikuwa bibi ya mfanyakazi na mzazi wa wafanyakazi wa kesho. Mama aliyebaki kijijini, kando ya Luapula ao Lufira, hakuwa kwenye orodha yoyote.

Na hata yule aliyeangaliwa, dawa zenyewe zilimtisha. Mafuta ya kenopodi, yaliyotumiwa sana wakati ule kufukuza minyoo, yaliweza kutoa mimba. Dawa ya bilharzia, iliyoanza Khartoum mwaka 1918, ilikuwa sindano ya antimoni, kali kwa moyo na hatari kwa mimba. Kwa hiyo waganga waliwaambia wamama wangoje mpaka wazae. Katika wakati ule, ilikuwa shauri la busara. Shida ni kwamba dawa zilibadilika na desturi ya kungoja ikabaki.

Tufanye hesabu kidogo tuone kungoja kunagharimu nini. Mnyoo mmoja wa safura, wa aina iliyoenea zaidi Afrika, unapoteza damu karibu mililita 0,03 kwa siku. Ni tone dogo tu. Lakini mama mwenye minyoo mia moja anapoteza mililita 3 kila siku. Kwa miezi tisa, hiyo ni zaidi ya robo tatu ya litre, na ni wakati uleule mtoto tumboni naye anahitaji damu ya mama. Akifika kuzaa akiwa hivyo, damu kidogo tu ikitoka inaweza kumtia hatarini.

Mebendazoli, albendazoli na prazikanteli, zilizokuja kuanzia miaka ya 1970, ndizo zilifungua njia. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilikubali mama atibiwe safura baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2002 likasema vilevile mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asinyimwe prazikanteli kama ana bilharzia. Huko Sri Lanka, uchunguzi wa mwaka 1999 juu ya wamama zaidi ya 7.000 ulionyesha ya kwamba watoto waliozaliwa wafu ao kufa siku za kwanza walikuwa asilimia 1,9 kwa wamama waliokunywa mebendazoli, na asilimia 3,3 kwa wale ambao hawakuikunywa.

Lakini tusikuze dawa kupita kiasi. Jirani zetu wa Entebbe, Uganda, walifuata wamama 2.507 walioandikishwa kati ya 2003 na 2005. Kwa wote pamoja, dawa haikuongeza kilo za mtoto. Wenye safura nyingi ndio damu yao ilipata faida. Na watoto ambao mama zao walipewa albendazoli walipata ukurutu wa ngozi zaidi kuliko wengine. Fundisho ni hili: dawa ni kwa mahali penye minyoo, kwa wakati wake, na mkononi mwa muuguzi.

Kwa hiyo, mama, ukienda CPN, sema mimba ina miezi ngapi, kisha uliza: «Dawa ya minyoo ninapata lini?» Ni kipimo kimoja tu, albendazoli miligramu 400 ao mebendazoli 500, baada ya miezi mitatu. Usiinunue sokoni mimba ikiwa changa. Endelea na vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria. Kama uliishi kando ya mto ao ziwa, ao unaona damu ndani ya mkojo, sema waziwazi, maana bilharzia ina dawa yake.

Na ninyi wababa, pamoja na wakubwa wa avenue na wa kampi za waliohama: dawa inatoa minyoo ya leo, lakini choo kibovu kinarudisha mingine kesho. Kampuni ilichimba vyoo kwa kuhesabu faida yake. Sisi tuchimbe kwa kuhesabu wamama wetu, na pea ya kwanza ya sandali nyumbani ipewe yule mwenye mimba.