Dawa za Kukojoza na Potasiamu ya Wazee Wetu

Leo turudi nyuma katika historia, tuelewe kwa nini babu au nyanya aliyelazwa wodini, akitumia dawa ya kukojoza, hutolewa damu ikapimwe mara kwa mara.

Hapo zamani, mtu aliyefura miguu na tumbo kwa sababu ya moyo dhaifu hakuwa na tiba ya maana. Mwaka wa 1785, daktari Mwingereza William Withering aliandika kitabu kuhusu mmea uliopunguza maji hayo. Mimea ya jamii hiyo ndiyo inayotupa dijoksini, dawa ya moyo inayotumika hadi leo.

Mwaka wa 1919, mjini Vienna, mwanafunzi wa udaktari Alfred Vogl aligundua kwamba mgonjwa wa kaswende aliyedungwa dawa yenye zebaki alikojoa kwa wingi mno. Basi zebaki ikawa dawa ya kukojoza kwa miaka mingi, ingawa ni sumu.

Mwaka wa 1958, tembe za klorothiazidi zilianza kuuzwa Marekani. Katika miaka ya 1960 ikafuata furosemidi, ambayo wengi wetu twaijua kama Lasix. Wagonjwa wa moyo na wa presha wakapata nafuu kubwa.

Lakini wahenga walisema, kizuri hakikosi ila. Dawa hizi huzuia figo kurudisha chumvi na maji mwilini. Chumvi hiyo ikipita, huondoka pamoja na potasiamu, madini yanayoendesha misuli na mapigo ya moyo.

Mwaka wa 1991, utafiti wa Marekani uliohusisha watu 4,736 wenye umri wa miaka 60 na zaidi ulionyesha kwamba matibabu yaliyoanza na dawa ya aina hii yalipunguza kiharusi kwa asilimia 36. Mwaka wa 2000, watafiti walipochunguza takwimu hizo tena, waligundua kuwa wale ambao potasiamu yao ilishuka chini ya 3.5 hawakupata faida hiyo ya kulinda moyo na mishipa. Kumbe kumeza dawa pekee hakutoshi. Kupima nako ni sehemu ya tiba.

Msikilizaji, mzee aliye hospitalini yumo hatarini zaidi. Hula kidogo, na pengine anaharisha au kutapika. Akiwa anatumia dijoksini, potasiamu ikipungua dawa hiyo huweza kumdhuru moyo.

Kwa hivyo, mzee wako akilalamika kuwa hana nguvu, misuli yamkaza, choo kimefunga au moyo wapiga ovyo, usiseme, "Ni uzee tu." Mwambie muuguzi mara moja. Uliza: "Potasiamu yake ilipimwa lini?" Mtajie daktari dawa zote anazotumia.

Ndizi, maharagwe, viazi, parachichi na mboga za majani zina potasiamu. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa figo asiongeze vyakula hivi bila ushauri, kwani potasiamu ikizidi pia huua. Wala usimwachishe mzee dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.